Kidonge cha Tumbo Tupu

Siku mdogo wangu alipoomba yai, nyumba nzima tulipata wazimu.

Mama alitupa ufagio. Wifi yangu, mke wa huyo mdogo wangu, mwanamke mpole anayetembea kama anaogopa kuiamsha sakafu, alikimbilia jikoni, akajigonga bega mlangoni, akarudi kuuliza ni yai la kuchemsha au la kukaanga, akalisahau jibu kabla hajafika kwenye jiko, akarudi tena kuuliza. Mimi nilikuwa nimesimama sebuleni na keki ya harusi mikononi, ya mteja, ghorofa mbili, nikaanza kuruka nayo. Ikapasuka ubavuni. Ipasuke! Nani ana habari na keki?

"La kuchemsha," alisema mdogo wangu kutoka kwenye kochi. "Na chumvi. Lakini mbona makelele hivyo? Ni yai tu."

Eti ni yai tu. Msikieni huyo.

Inabidi mjue kwanza huyu ni mtu wa namna gani. Tangu utotoni tunamwita Mchuzi, kwa sababu alikuwa haondoki mezani mpaka aipanguse sufuria kwa mkate, na akimaliza ya kwetu anaiulizia ya jirani. Alipokua akawa mpishi wa hoteli, mpishi haswa, wa kuonja kila chungu kabla hakijatoka. Halafu mwaka juzi akashikwa na saratani ya damu. Tulihangaika, tukalia, tukachoka hata kulia. Mwishowe madaktari wakasema damu yake imeharibikia kiwandani kwenyewe, yaani ndani ya mifupa, kwa hiyo watakisafisha kiwanda chote kwa dawa kali, kisha watampandikizia seli shina, zile mbegu zinazozaa damu, kutoka kwa ndugu anayelingana naye. Wakatupima. Anayelingana naye nani? Mimi! Mimi, dada yake, ambaye maisha yetu yote hatujalingana hata kwenye kuchagua stesheni ya redio.

Basi nikalazwa kando ya mashine, sindano mkono huu na sindano mkono ule, damu inatoka huku, inazungushwa, inarudi kule. Nilikuwa siruhusiwi kukunja mkono hata pua ikiwasha, na pua yangu, kwa ubishi wake, iliwasha tangu asubuhi. Kilichopatikana kilikuwa kimfuko kimoja. Walipomtundikia Mchuzi, Mama alikitazama akakasirika.

"Ndiyo hicho tu? Mwanangu yuko hali hii, nanyi mnaniletea kimfuko?"

"Mama," nesi akamwambia, "humo ndimo ilimo damu yake yote ya miaka ijayo."

 Mama akavuta kiti, akakaa kukilinda kile kimfuko mpaka tone la mwisho.

Tangu siku hiyo mimi sikushikika. Kundi la damu la Mchuzi lilibadilika likawa langu, nami nikajipa cheo. Akibisha namwambia nyamaza, unatumia damu ya watu. Naye hakukosa jibu. Daktari wake, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole, alitueleza kwamba askari wa kinga waliomo katika damu yangu wanaweza kuuona mwili wa Mchuzi ni wa mgeni wakaushambulia, ndiyo maana kuna dawa ya kuwatuliza. Wakati huo Mchuzi hakuwa na unywele hata mmoja kichwani wala nguvu ya kuinua shingo, lakini akasema, "Daktari, ongeza hiyo dawa. Humjui huyu dada."

Tulicheka mpaka nesi akaja kutunyamazisha.

Daktari alisubiri tumalize. Kisha akatoa kidonge cha pili, kidogo, cheupe.

"Zamani uliwahi kuugua homa ya ini," akamwambia Mchuzi. "Aina ya B. Vipimo vinaonyesha."

Mchuzi akakumbuka. Alipokuwa kijana, ndiyo kwanza ameanza kazi za jikoni, macho yaligeuka manjano, akalala wiki kadhaa, akapona, basi. Nani anaukumbuka ugonjwa uliokwisha?

"Ulipona," daktari akasema, "lakini kirusi hakikuondoka. Kimelala ndani ya ini. Miaka yote hii kinga yako ya zamani ilikuwa inakichunga kisiamke. Sasa hiyo kinga tumeifuta pamoja na ugonjwa wa damu. Hii mpya ya dada yako haijawahi kukutana nacho, na juu ya hapo tunaituliza kwa dawa. Kikiamka sasa, hakuna wa kukikamata. Kinaweza kuliua ini, na wewe pamoja nalo."

Kwa hiyo kidonge kimoja kila siku, kwa muda mrefu, hata akijisikia mzima kuliko sisi. Na sharti moja: kinamezwa tumbo likiwa tupu. Awe amemaliza kula masaa mawili kabla, na asile tena mpaka yapite mengine mawili.

"Hilo tu?" tukasema. "Hilo dogo!"

Na wakati ule lilikuwa dogo kweli, maana Mchuzi hakuwa anakula. Mdomo ulijaa vidonda. Vidonda vilipopona, kila kitu kikawa na ladha ya msumari. Mpishi mzima, akisikia harufu ya kitunguu anaitafuta ndoo. Aliishi kwa maji, supu ya kijiko kimoja, na kubembelezwa. Mama alikuwa anapika, anapeleka, anarudisha, anapika tena. Siku moja nilimkuta jikoni na sahani ambayo haijaguswa, anaiuliza, "Hata wewe umeshindwa?" Mama alitulea peke yake, kwa shida, na fahari yake ilikuwa moja tu: hakuna mtoto wake aliyewahi kumwomba chakula akakosa. Sasa alikuwa na mtoto asiyeomba.

Kwa hiyo siku ile ya yai mtusamehe. Alilila lote, akaomba la pili.

Baada ya hapo ilikuwa sherehe isiyokwisha. Kesho yake aliomba mkate, kesho kutwa kuku, na wiki iliyofuata aliamka akaisema vibaya supu ya wifi, kwamba haina kitunguu saumu. Wifi alinipigia simu analia kwa furaha. "Wifi! Ameniambia sijui kupika!" Tukashangilia wote wawili kwenye simu kama tumeshinda bahati nasibu. Mashavu ya Mchuzi yakajaa. Suruali alizokuwa anazifunga kwa kamba zikaanza kumbana, na Mama akawa anampima kiuno kwa mikono kila akipita karibu.

"Mama, niache bwana. Kwani mimi ng'ombe wa mnada?"

"Nyamaza, geuka nikuone nyuma."

Mimi nilikuwa namlisha kwangu. Nina duka dogo la keki, na daktari alikuwa amemshauri Mchuzi atembee kidogo kila siku, basi akawa anatembea mpaka kwenye kaunta yangu. Akifika namkatia kipande, kipande cha maana. Nikamwonya asiseme nyumbani, Mama asije akadhani nashindana naye. Akaniapia, mdomo umejaa krimu.

Asubuhi hiyo nilikuwa nachanganya rangi ya keki ya mtoto, manjano ile ya kung'aa. Mchuzi amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha, analalamika mwili umechoka na keki ya leo haina ladha. Nikainua macho nimpe lake, maana keki zangu hazijawahi kukosa ladha. Macho yake yalikuwa yamefanana na bakuli langu.

"Hebu toka nje," nikamwambia.

"Haya, basi ina ladha."

"Toka nje nimesema!"

Nikamkamata shati, nikamtoa juani, nikamvuta kope kwa kidole chenye sukari. Manjano. Nikageuza viganja. Manjano.

"Mkojo wako ukoje?" nikamuuliza, kwa sauti, barabarani, watu wanapita.

"Dada!"

"Ukoje?"

"Kama chai isiyo na maziwa," akanong'ona. "Lakini nina nguvu zangu, usianze."

Nilifunga duka. Nilifunga na mteja ndani, bibi wa watu aliyekuja kuchagua mishumaa, na nikamkumbuka tukiwa tayari kwenye teksi. Nikarudi mbio kumfungulia, nikaanza kuomba radhi. Aliniangalia usoni mara moja tu akasema, "Nenda, mwanangu, nenda." Sijui aliona nini. Mimi mwenyewe sikujua kwamba nalia.

Hospitalini walimtoa damu, tukasubiri. Mama na wifi wakafika, wifi bado amevaa kitambaa cha jikoni. Tulipoitwa tulijazana wanne kwenye chumba chenye viti viwili. Daktari alikuwa na majibu mkononi. Kirusi kimeamka, akasema. Ini limevimba.

"Mpishi, kile kidonge cheupe unakimeza?"

"Nakimeza, daktari," Mchuzi akajibu. "Tumbo likiwa tupu."

"Vizuri. Na tumbo lako huwa tupu wakati gani?"

Mchuzi akaanza kuikagua dari.

"Tuanze asubuhi," daktari akasema. "Ukiamka."

"Akiamka limeshajaa," akasema wifi, kisha akajiziba mdomo. Kumbe! Kumbe kila alfajiri anamkalisha kitandani na kumnywesha uji wa maziwa na siagi, mtu hata macho hajafumbua, halafu anamlaza tena. "Nilitaka apate nguvu," akasema. "Mama, nisamehe, sikukwambia."

"Alfajiri?" Mama akashangaa. "Sasa kile kifungua kinywa changu anakiweka wapi?"

"Basi kabla ya kulala," daktari akasema.

Mama akajirekebisha kwenye kiti. Akaikagua pochi yake, hakuona cha kumsaidia humo. "Maziwa tu," akasema. "Na mkate. Na kama kuna kuku aliyebaki, nisimtupe." Wifi akamgeukia, mdomo wazi.

"Katikati ya asubuhi?"

Wote wakanitazama mimi. Nilikuwa bado na manjano kwenye vidole na unga kwenye nywele. Ningesema nini? "Keki," nikasema. "Kipande kimoja. Viwili."

"Na mchana?"

"Mchana huwa napita hotelini kuwasalimia wenzangu," Mchuzi akasema. "Naonja kidogo."

"Unaonja nini?"

"Vyungu."

"Vyungu vingapi?"

"Si vyote vilivyopo? Lakini daktari, kuonja siyo kula! Kuonja ni kazi!"

Daktari aliweka karatasi mbele ya uso. Tuliona mabega yanatikisika. Hapo hatukujiweza tena. Mama alicheka mpaka akamshika wifi asianguke, na wifi alikuwa ameshanishikilia mimi, na Mchuzi, na macho yake ya manjano, alikuwa anacheka kuliko wote na kupiga paja.

"Mimi nilikuwa naheshimu masharti yako," akamwambia daktari. "Uliniambia tumbo tupu. Kila nikikitoa, naliona tumbo bado, nakirudisha mfukoni. Nikasema nisije nikakimeza vibaya nikakiharibu, nitakimeza kesho. Zile dawa za kumezwa na chakula sijakosa hata moja. Chakula kilikuwepo."

"Na hiyo kesho ilianza lini?"

Mchuzi akaacha kucheka. "Tangu lile yai," akasema.

 Daktari alishusha karatasi, na uso wake haukuwa na kicheko tena, lakini haukuwa na ukali pia. "Afadhali ungekimeza tumbo limejaa pomoni kuliko kutokimeza," akasema. "Ungeniuliza. Leo nakulaza, tunaanza upya sasa hivi. Kuna ini linalorudi na kuna lisilorudi. Mmekuja mapema kiasi. Zaidi ya hapo siwezi kuwaahidi."

"Kwa hiyo ni sisi," Mama akasema. "Tumemlisha mpaka tumemuua."

"Hapana, mama. Chakula ndicho kilichomsimamisha. Lakini kidonge kilikosa nafasi." Akamshika mkono. "Kazi hii nakupa wewe. Kidonge kitakuwa na wakati wake kila siku, na wakati huo wewe ndiye mlinzi wa tumbo. Asiingize kitu, hata akiomba."

Mama alimwangalia kama ametukanwa. "Mimi? Mwanangu aniombe chakula nimnyime?"

"Ndiyo."

"Tafuta mtu mwingine, daktari. Mimi siwezi."

Lakini hapakuwa na haja ya mlinzi, na hilo ndilo lililotuvunja. Mchuzi alilala wodini na njaa ikamtoroka tena. Nesi alikuwa anampa kidonge asubuhi, na tumbo lilikuwa tupu kabla, na tupu baada, na tupu jioni. Ngozi ikazidi kuiva manjano. Alijikuna mpaka tukamvalisha soksi mikononi. Mama alikuwa anakuja na yai la kuchemsha ndani ya kitambaa, anakaa nalo, anarudi nalo. Hakulitaja, na Mchuzi hakuliuliza.

Mimi niliogopa. Sina njia nzuri ya kulisema hilo. Nilikuwa nimezoea kumgombeza mtu na mambo yanakwenda, na sasa sikuwa na wa kumgombeza, kwa hiyo nikaanza kuigombeza damu yangu mwenyewe. Nilikuwa nainama karibu na mkono wa Mchuzi, pale mrija unapoingilia, naisema kwa sauti ya chini. "Mmekaa tu humo? Nimewalea miaka yote, mmekula keki zangu, leo mmetumwa kazi moja mmelala? Hebu amkeni! Kamateni huyo!"

Jicho moja la manjano likafumbuka. "Dada, unaongea na nani?"

"Na watu wangu. Wewe lala, hayakuhusu."

"Waambie taratibu," akasema. "Wasinipigie kelele." Akatabasamu, akalala tena. Nikatoka nje kwenye korido nikalia mpaka kamasi.

Daktari alikuwa anapita kila siku na majibu, anasoma, anasema bado. Bado. Kisha siku moja akasoma mara mbili. "Kirusi kinarudi nyuma," akasema. "Ini halijaamua. Tungoje." Tukangoja. Mimi nikawa namtazama macho Mchuzi kama ninavyotazama keki kwenye oveni, naogopa kufungua mlango mapema. Nikamwambia wifi naona weupe kidogo pembeni. Wifi akasema ni dirisha. Nikamwambia sikuulizi dirisha.

Halafu ikaja asubuhi yenyewe. Nesi alikuwa ndiyo kwanza amempa kidonge, amemshikia glasi ya maji, ameondoka. Mama amekaa mahali pake, kitambaa kwenye mapaja. Mchuzi akageuza kichwa, pua zikacheza.

"Mama. Hilo yai ni la leo?"

Mimi na wifi tukasogea kitandani.

"La leo," Mama akasema.

"Nipe. Nina njaa."

Mama alishasimama. Kitambaa kilikuwa kimefunguka na mkono wenye yai ulikuwa njiani, mkono huo umezoea njia hiyo tangu sisi tunaota meno.  Basi katikati ya njia Mama akaitazama saa ya ukutani. Akaitazama tena. Kisha, taratibu, akaurudisha mkono, akalikumbatia yai kifuani.

"Hapana," akasema.

"Mama, nina njaa kweli."

"Najua. Kaa nayo."

"Nionje tu. Kuonja siyo—"

"Toa mkono wako hapo!" Na akamzaba kikofi cha vidole, kikofi kisichoweza hata kuua mbu, kwenye ile soksi.

Mchuzi akaanza kucheka. Kicheko kilikuwa chembamba, kinakatika katikati, lakini kilikuwa chake. Wifi akadakia, na mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye tulikuwa hatujawahi kumsikia sauti, akauliza kama yai hilo linauzwa. Mchuzi akaanza kujadiliana. Basi apewe ganda. Basi anuse. Basi ashike tu, aone kama bado lina joto.

"Hata kulitazama usilitazame," Mama akasema, akalificha nyuma ya mgongo. "Geukia ukutani."

"Dada, niambie huyu mama ana nini!"

"Usinitie mimi humo," nikamwambia. "Unatumia damu ya watu, fuata masharti."

Tukakaa hivyo, watu wazima wote tumeikodolea macho saa ya ukutani, na kila Mchuzi aliposema njaa, Mama alilishika yai kwa nguvu zaidi. Daktari alitukuta hivyo kwenye mzunguko wake. Akasimama mlangoni.

"Kuna nini?"

"Ameniomba chakula," Mama akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, naye anacheka. "Mwanangu ameniomba chakula, nami nimemnyima. Daktari, nimemnyima!"

Daktari alimwendea Mchuzi, akamfungua kope kwa kidole gumba, jicho moja, la pili. Alichukua muda wake. Akaangalia saa.

"Bado kidogo," akasema, akavuta kiti akakaa na sisi.

 Muda ulipotimia Mama alilitoa yai nyuma ya mgongo, akaligonga kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kulimenya, vipande vya ganda vinaanguka kwenye shuka. Limeshapoa kabisa. Mchuzi alivua soksi, akalipokea kwa mikono miwili, akaling'ata.

"Chumvi iko wapi?" akauliza.

Wifi aliruka kwenda kuitafuta, akajigonga bega mlangoni. Mchuzi hakumngoja.